Kibanda cha Mkalimani

Wamenipa kibanda cha kioo, ghorofa ya tatu,
hoteli ya Upper Hill yenye zulia linalomeza nyayo.
Visikizi navivaa upande mmoja tu:
sikio la kushoto lilifungwa asubuhi moja ya Agosti
na halijafunguliwa.

Chini yangu maafisa arobaini na kalamu za bure.
Wakili Terer anafundisha kwa Kiingereza cha polepole,
nami namfuata, sentensi moja nyuma daima,
kama mtu anayeokota nguo zinazodondoka
kwenye beseni la anayetangulia.

"Kwanza ulizeni," anasema, nasema,
"je, kuna vita?
Kuna pande mbili, zenye silaha na safu ya amri,
zinazopigana hasa?
Kama hakuna, hiyo ni amani, na aliyeua ni mhalifu:
mkamateni, apelekwe mahakamani, awe na wakili.
Kama kuna, sheria ya vita inaingia,
nayo inakataza hili:
kumlenga raia, kuifanya hofu yake
kuwa silaha."

Nazima maikrofoni. Nakohoa. Naiwasha.

Methali yetu inataka mafahali wawili.
Siku ile sikumwona hata mmoja.
Niliona nyasi.
Kerubo wa masjala, muhuri bado mkononi,
alikwenda dirishani aliposikia mlio wa kwanza.
Sote tulikwenda. Nani haendi dirishani?
Mlio wa pili ukatukuta hapo,
pumzi zetu zikiwa zimetia ukungu kwenye kioo.

Vita ile, au amani?
Bima walimwandikia mamake Kerubo:
*Kifungu cha tisa. Vita na mfano wa vita. Hatulipi.*
Mahakama ikasema jinai.
Mama akakunja barua mara nne, akaniambia,
"Alikuwa amebeba chai kwenye chupa.
Wewe unayejua kuandika, andika hivyo."

Mkono unapanda safu ya nyuma. Sajini Mutwiri.
"Gaidi hafuati sheria.
Mbona sheria imfuate yeye?"
Ukumbi unacheka. Terer hacheki.
"Haimfuati yeye. Inakufuata wewe.
Gaidi ni neno la kumlaani mtu.
Halikupi ruhusa ya kumpiga
akishaweka silaha chini."

Natafsiri. Ulimi unasita kwenye *raia*.
Kwa Terer, raia ni asiyepigana.
Kwa askari wa doria Eastleigh
raia ni mwenye kitambulisho.
Abdinoor, anayenichomea waya za visikizi hivi,
aliulizwa usiku wa msako, "Wewe ni raia?"
Akajibu ndiyo, kwa maana zote mbili.
Akalala siku nne juu ya saruji ya uwanja wa michezo
na mia nyingine za ndiyo.
Aliporudi alichomelea waya wangu, hakutaka pesa,
hakutaka pia kuzungumza.

Usiku, nikipanga istilahi za kesho,
sarufi hunicheka:
vita havina umoja,
huwezi kusema kita kimoja, kidogo, cha asubuhi.
Na amani haina wingi.
Tumepewa hiyo moja, tugawane.

Mapumziko ya chai. Ukumbi umebaki vikombe.
Kitu kinagonga kioo cha kibanda
na mimi tayari niko chini ya meza,
mikono kichwani, magoti kwenye zulia lile laini.

Nilipoinuka, Sajini Mutwiri alikuwa amesimama nje,
viganja vyote viwili wazi, juu,
kama anayejisalimisha.
Midomo yake ilikuwa ikisema kitu.
Samahani, labda. Au swali lingine.
Kioo kilikuwa kinene, naye amesimama kushotoni.

Nikafungua mlango,
nikamgeuzia sikio zima.